Kompyuta Ikigoma Kuwaka, Usikubali "Kupigiwa Window" Kabla Hujatoa Mafaili Yako

Wapambanaji wenzangu, leo tuongee kuhusu kompyuta. Najua wengi tunauza kwa simu, lakini hesabu za mwezi, picha za bidhaa, wateja wa mikoani na orodha ya wadaiwa viko kwenye ile kompyuta used iliyoko sebuleni, uliyoinunua kwa kujibana. Ikigoma kuwaka, kinachouma siyo mashine. Mzigo wa Kondoa unatakiwa uondoke kesho asubuhi, na namba ya mteja pamoja na hela aliyobakiza viko humo ndani.

Mimi nina duka hapa Dodoma, vifaa vya simu na kompyuta. Ufundi nimejifunza mwenyewe kwa kufungua na kufunga. Watu wanaingia na sipiyu kwapani wanasema "imekufa". Nyingi hazijafa. Na hata ikiwa imekufa kweli, mara nyingi diski inayobeba mafaili ni nzima kabisa.

Neno la kuogopa ni hili: "Tukupigie window." Ukikubali bila kuuliza, mara nyingi diski inafutwa na Windows inawekwa upya. Kompyuta inarudi inawaka vizuri, imependeza, ila ndani nyeupe. Alikuja dada mmoja anayeuza vitenge na mashuka, orodha ya wadaiwa wa miezi saba ilikuwa kwenye Excel. Huko alikotoka walishampigia window. Nikamuuliza mwanzoni ilikuwa inafanyaje. Akasema kila asubuhi ilikuwa inasimama kwenye skrini nyeusi inamwambia abonyeze F1, na tarehe inaonyesha miaka ya nyuma. Jamani, hiyo ni dalili ya betri ndogo ya mazabodi! Ni ile ya duara kama shilingi, imeandikwa CR2032, ya volti 3. Ikiisha, kompyuta inasahau saa na mipangilio yake, nyingine inasahau hata diski ya kuanzia. Unabadilisha betri, unarekebisha tarehe, unaendelea na kazi. Hela ya betri haifiki hata ya chakula cha mchana, na yeye wadaiwa wa miezi saba wameondoka hivi hivi.

Kwa hiyo swali la kwanza siyo "nani fundi mzuri". Jiulize: inagoma VIPI?

Kama haitoi hata taa wala feni haizunguki, tatizo ni umeme. Jaribu soketi nyingine, toa ekstensheni katikati, jaribu waya wa kompyuta nyingine. Zima, chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki ndani uishe, kisha chomeka tena. Unaweza kuona ni ushirikina, lakini inasaidia sana, hasa baada ya umeme kukatika na kurudi kwa kishindo. Umeme ukikatika chomoa kabisa, ukirudi subiri dakika chache kwanza.

Halafu kwa wanaonunua mashine zilizotoka nje: pawa saplai za zamani zina swichi ndogo nyuma, mara nyingi nyekundu, imeandikwa 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230. Mashine iliyotumika Marekani inaweza kuwa bado iko kwenye 115, na ukiiwasha hivyo unaunguza. Angalia kabla ya kuchomeka. Pawa saplai ikiungua inabadilishwa nzima, mafaili huwa hayaguswi. Usiifungue lile boksi lake mwenyewe, linabaki na umeme hata baada ya kuchomoa.

Kama taa inawaka na feni inazunguka lakini skrini giza, anza na monita. Waya wake ukilegea kidogo tu unaona giza. Ukiwa mzima, mshuku mwenyeji wetu: vumbi. Kiangazi cha Dodoma mnakijua, kuanzia Juni hadi Oktoba upepo unavyopuliza, ukifuta meza asubuhi mchana unaandika jina lako juu yake. Vumbi hilo hilo limejaa ndani ya sipiyu. Chomoa waya wa umeme, fungua ubavu, gusa chuma cha boksi ili kutoa umeme wa mwilini, kisha toa RAM. Sugua meno yake ya rangi ya dhahabu taratibu kwa raba ya kufutia penseli, futa kwa kitambaa kikavu, rudisha mpaka isikike "ka!" Zikiwa mbili, jaribu moja moja. Vumbi lingine ondoa kwa brashi laini ya rangi, feni ishikilie kwa kidole isizunguke. Upepo wa kujazia matairi siupendi, huwa unatoka na majimaji.

Ikilia "bip bip", hesabu milio, andika pamoja na modeli ya mashine. Kila kampuni ina milio yake, na fundi anayejua kazi atakushukuru.

Sasa ile inayowaka, inafika kwenye nembo ya Windows, inazunguka weee, inazima na kuanza upya. Hapa ndipo wengi wanapigiwa window bila sababu. Mnakumbuka tarehe 19 Julai 2024? Kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani ziligoma kuwaka, ndege zikaahirishwa, benki zikakwama. Chanzo kilikuwa sasisho bovu la programu ya ulinzi ya CrowdStrike. Diski zilikuwa nzima. Dawa kwa nyingi ilikuwa kuingia Safe Mode na kufuta faili moja. Ya kwako nayo inaweza kuwa imekwama kwa kitu kidogo hivyo hivyo.

Kwanza toa flashi zote, maana kompyuta nyingine inajaribu kuanzia kwenye flashi na kukuambia haioni Windows. Isipokubali, Windows 10 na 11 ikishindwa kuwaka mara mbili tatu inaleta yenyewe skrini ya bluu ya marekebisho. Ingia "Troubleshoot", halafu "Advanced options", halafu "Startup Settings", iwashe upya, bonyeza 4. Hiyo ndiyo Safe Mode. Ikifunguka, usianze kurekebisha kitu. Chomeka flashi, nakili mafaili kwanza. Laptopu nyingine itadai namba ya BitLocker ya tarakimu 48, mara nyingi imehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft, unaiona hata kwa simu.

Ukisikia diski inagonga "tk, tk, tk", zima hapo hapo na usiwashe tena kujaribu bahati. Kila ukiiwasha inazidi kujikwangua.

Ikishindikana yote, nenda kwa fundi na flashi yenye nafasi. Mwambie: "Kaka, toa diski, iunge kwenye kompyuta nyingine, tunakili kwanza." Fundi anayejua ataelewa. Akikwambia haiwezekani bila hata kufungua boksi, beba sipiyu yako uende kwingine. Mwonyeshe Desktop, Documents, Downloads na Pictures, maana wengi wetu tunaacha vitu Desktop na fundi anachukua Documents peke yake. Kaa pale pale. Kabla hajagusa Windows, fungua Excel ya wadaiwa kutoka kwenye flashi yako, kwenye kompyuta nyingine, uone majina na hela zimo. Ndipo umwambie aendelee.