Mtoto wa Kasa Halelewi Kwenye Beseni

Kila msimu wa kasa kutaga swali ni hilohilo, kuanzia Watamu hadi Mafia: "Daktari, nimeokota watoto wa kasa, nimewatia kwenye beseni. Niwalishe nini mpaka wakue?" Usiwalishe kitu. Warudishe ufukweni leo hii, giza likiingia.

Wazo la kuwalisha limetoka kwa ndege. Kinda la shomoro huanguliwa uchi, macho yamefumba. Wazazi wasipolitia wadudu mdomoni kutwa nzima, linakufa. Hata kuimba hujifunza kwa wakubwa. Kasa hana mlezi. Mama hufukia mayai mia moja hivi mchangani, akarudi baharini, basi. Joto la mchanga ndilo huamua jinsia: ukiwa wa moto sana hutoka majike, ukipoa hutoka madume. Baada ya miezi miwili hivi watoto hufukua pamoja, usiku, na kuelekea upande wenye mwanga zaidi, ambao tangu zamani ni bahari.

Wanaotetea beseni hunitajia kaa na kunguru. Wapo, na ni kweli wanaofikia utu uzima ni wachache mno. Lakini mtoto wa kasa hutoka shimoni na akiba ya kiini cha yai tumboni, na akiba hiyo ni ya safari: kuogelea mfululizo kama siku nzima, akikabili mawimbi, mpaka ayaache maji ya kina kifupi yenye samaki wa kumla. Ndani ya beseni anapiga mapezi vilevile, anagonga ukuta vilevile, na akiba inakwisha bila safari. Unayemwachia baharini siku tatu baadaye amechoka, na ile pupa ya kuogelea imemtoka. Umemwandalia samaki chakula. Maji ya bomba nayo si yake: mwili wake umeumbwa kwa maji ya chumvi, hata una tezi karibu na macho za kuitoa iliyozidi. Ugali na mkate huchafua tu maji hayo. Wakirundikwa pamoja huumana, na vidonda huoza. Nasema wazi: beseni linaua, na kumweka kasa nyumbani ni kosa kisheria, Kenya na Tanzania.

Ya kufanya ni mepesi. Ukiwaona wanatambaa, zima taa na tochi, funga mbwa, sawazisha mashimo mchangani, kaa mbali. Waliopotea kwa kufuata taa za hoteli wapeleke kwenye mchanga mkavu mahali penye giza, watambae wenyewe, usiwatupe majini. Ukiwakuta juani mchana, waweke kivulini kwenye ndoo yenye mchanga mbichi, bila maji, uwaite wahifadhi wa kasa wa eneo lako. Mayai yaliyofukuliwa usiyageuze wala kuyahamisha. Piga simu kwanza. Na kinda la ndege? Likiwa uchi, lirudishe kiotani, mama halikatai kwa sababu umelishika. Likiwa na manyoya na linarukaruka, liache hapo hapo, fungia paka.