Zamu Mbili za Rubinstein

Msomaji wa Kiganjo anauliza: kama mwenye kete nyeupe ndiye anayeanza, mwenye nyeusi hupata wapi upenyo wa kushinda sataranji? Kwenye mashindano makubwa Nyeupe huvuna takriban asilimia 54 ya alama, kwa hiyo faida ipo, ila ni nyembamba. Na huibiwa.

Wizi ninaoupenda ulifanyika Łódź, Poland, mwaka 1907. Rotlewi alishika nyeupe, Akiba Rubinstein nyeusi, akitumia kinga ya Tarrasch, yule daktari Mjerumani aliyekuwa mhubiri mkuu wa sataranji ya kikale: toa kete zako upesi, usipoteze zamu.

Chukua matatu mbili za injini moja zinazotoka Karatina kwenda Nanyuki. Ya kwanza inatangulia, lakini kondakta anaona abiria nyuma, dereva anarudi rivasi. Mbele kidogo anaingia kituo kisicho chake, anatoka tena. Ya pili haikuongeza mwendo hata chembe, lakini Naro Moru inafika mbele. Tena abiria aliyefuatwa aliwekwa pale makusudi na wale wa matatu ya pili!

Ndivyo alivyofanya Rubinstein. Askari mweupe wa mraba wa c4 alikuwa wa kuliwa tangu mapema, hakumgusa. Alingoja hadi askofu wa Rotlewi aende d3, ndipo akamla. Askofu akalipiza c4, akafukuzwa, akarudi d3: zamu tatu kwa safari ya zamu moja, yaani mbili zimepotea. Malkia naye alipitia d2 ndipo akatulia e2, zamu moja zaidi. Upande wa Rubinstein ni askofu mmoja tu aliyepoteza zamu moja. Tatu toa moja, mbili.

Tazama ubao baada ya Nyeupe kucheza mara ya 15. Kete za pande mbili zimekaa sawasawa, isipokuwa ngome ya Rubinstein imeshafika d8, na zamu ni yake. Aliyeanza wa pili sasa ndiye wa kwanza, na ana hatua moja mfukoni.

Kilichofuata ni moto. Farasi akatua g4, malkia h4, ngome ikala c3 huku malkia akiachwa aliwe. Ngome ya pili ikajitoa d2. Ile ya kwanza ilipofika h3, hatua ya 25, Rotlewi alisalimu amri, yeye akiwa bado na malkia, Rubinstein hana.