Ukistaafu Kazi ya Karafuu: Namna ya Kuanza Kazi Yako ya Ushauri

Kila mwaka wako wenzetu wanaostaafu baada ya kufanya kazi miaka mingi ya kukagua karafuu, kutunza maghala au kukamua mafuta ya makonyo. Wengine huuliza: Je, mtu aweza kula kwa ujuzi wake, bila ya mwajiri? Aweza, lakini yampasa kwanza ayajue mambo manne.

Kwanza, ajue anauza nini. Alipokuwa kazini watu walimsikiliza kwa sababu ya cheo chake. Siku anayokabidhi funguo, cheo hubaki ofisini. Basi asiseme, "Mimi ni mshauri wa karafuu." Aseme ni khasara gani awezayo kumwondolea mkulima.

Tutazame mkaguzi wa karafuu. Yeye anajua kwamba tumba huchumwa likiwa limejaa na kuanza kuwa jekundu, kabla halijafunuka. Kwamba karafuu mbichi zikirundikwa hupata moto, zikachacha, na zikikauka huwa na weupe na mikunjo. Na kwamba kilo 3 mbichi hutoa kiasi cha kilo 1 kavu. Wakulima wengi wanayajua haya. Wasilolijua aghlabu ni wapi khasa khasara yao inatokea: mtini, katika kuchambua, au katika majamvi. Hapo ndipo penye kazi. Mshauri ashinde shambani siku za mchumo, apime karafuu mbichi kila jioni, azipime tena zikisha kukauka, kisha achukue sampuli na kutenga mbali nzuri, zilizokatika vichwa, zilizochacha, zilizofunuka, na makonyo yaliyosalia. Halafu amwandikie mkulima karatasi moja: khasara iko hapa, na dawa yake ni hii.

Pili, atenge maneno ya barazani na kazi. Hili ndilo linalowashinda wengi, kwani wateja wa mwanzo ni jirani, shemeji na mtoto wa ndugu. Swali la barazani lijibiwe bure, kama ilivyo ada yetu. Lakini kwenda shambani, kupima na kuandika ni kazi, na ujira wake utajwe kabla ya mguu kutoka nyumbani. Karatasi ya mapatano iseme kazi gani, siku ngapi, malipo kiasi gani na yatalipwa lini. Ukimwonea mtu haya leo, kesho mtagombana.

Tatu, apige hesabu ya mwaka, si ya siku. Tuseme nyumba yake yataka shilingi 6,000,000 kwa mwaka, na nauli, simu na mizani shilingi 1,200,000. Jumla ni 7,200,000. Akipata siku 90 tu za kulipwa, ujira wa siku moja hauwezi kuwa chini ya shilingi 80,000. Siku zilizobaki atakuwa akitafuta kazi, akiandika, au amekaa. Tena mikarafuu haizai sawasawa kila mwaka. Mwaka wa mavuno makubwa aghlabu hufuatwa na mdogo. Kwa hiyo aweke akiba, na awe na kazi nyengine nje ya msimu, kama kuwafundisha watu kuotesha miche na kuitilia kivuli. Na kila senti aiandike, kwani mali bila daftari hupotea bila khabari.

Nne, alinde amana. Mshauri asichukue bakhshishi kwa muuza miche, mizani wala majamvi, wala asiwe dalali wa karafuu za mteja wake. Akiitwa kutazama mkarafuu unaokauka ghafla, na akaona kwamba hauponi, aseme hivyo hivyo, ingawa kwa kusema hivyo atakosa kazi ya siku kumi. Mkulima aliyeambiwa kweli atamwita tena, na atamwambia mwenzake.

Mwisho, kiinua mgongo kisimalizwe kwa kukodi ofisi na kununua gari. Kazi hii huanza kwa mizani nzuri, daftari na shamba moja. Likifanikiwa shamba hilo, mwenyewe atakuwa shahidi wako, na la pili litakuja.