Kanda za Sauti kama Matini: Uhuishaji wa Kidijitali na Ushahidi wa Kiswahili cha Msimbazi

Taaluma ya Kiswahili imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya maandishi: hati za tenzi, magazeti na vitabu. Hata hivyo, Kiswahili kilichosemwa na kuimbwa Msimbazi, Kariakoo na mitaa jirani katika nusu ya pili ya karne ya 20 kimo zaidi katika kanda za sauti. Makala haya yanaeleza kwamba anayezihuisha kanda hizo, hata kama anafanya hivyo nyumbani kwa mapenzi tu, anafanya kazi ya mhakiki wa matini na anafungwa na masharti yale yale.

Redio iliyoanza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam iligeuzwa mwaka 1965 kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD). Kwa kuwa nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, bendi kama NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, zilirekodi nyimbo katika studio za RTD, na santuri zilipotolewa zilichapwa Nairobi. Hivyo nyimbo nyingi zilibaki katika kanda pekee. Kaseti zilipoenea, Kariakoo ikawa kitovu cha biashara yake, na nakala za nakala zikaingia majumbani. Kama ilivyo kwa hati, kila unukuzi uliongeza kasoro zake. Kwa sababu hiyo, swali la kwanza la mhuishaji ni la kihakiki: ni nakala ipi iliyo karibu zaidi na asili?

Hatua inayofuata ni kuukagua ukanda kabla ya kuucheza. Ukanda wa asetati unaooza hutoa harufu ya siki. Baadhi ya kanda za poliesta, hasa katika unyevu wa pwani, hunata na kuacha utando kwenye kichwa cha mashine. Hizo hupashwa joto la takriban nyuzi 50 za Selsiasi kwa saa kadhaa ili zichezeke kwa muda. Tiba hiyo haifai kwa asetati. Aidha, mwendo lazima uwe sahihi: kaseti hupita kwa sentimita 4.76 kwa sekunde. Mashine ikizidisha mwendo kwa asilimia 6, sauti yote hupanda karibu nusu toni na irabu hufupika. Mwanaisimu anayepima kiimbo hupotoshwa bila kujua.

Hatari kubwa zaidi imo katika usafishaji. Programu za kuondoa mvumo hupunguza nishati ya masafa ya juu, na huko ndiko vilimo vikwamizwa kama /s/, /sh/ na /th/. Tofauti ya “thamani” na “samani” hubebwa na konsonanti moja tu, tena /th/ ni dhaifu kwa asili yake. Kichujio kikali huweza kuifuta, na mtafiti wa baadaye akadhani kwamba msemaji hakuitofautisha. Kelele za soko nyuma ya mazungumzo nazo ni ushahidi wa mahali na hali ya usemi.

Hivyo basi, nakala ya kwanza ibaki kama ilivyotoka, bila kusafishwa, katika faili la WAV la sampuli 96,000 kwa sekunde na biti 24. Saa moja ya sauti ya njia mbili huchukua takriban gigabaiti 2. Nakala iliyosafishwa iwe faili jingine, lenye maelezo ya kila kilichotendwa. Maandishi ya jalada yanukuliwe, ukanda wenyewe usitupwe, na nakala zihifadhiwe mahali zaidi ya pamoja. Ikumbukwe pia kwamba, kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kumiliki kaseti si kumiliki wimbo.

Hati iliyonukuliwa vibaya huweza kusomwa upya maadamu asili ipo. Ukanda unaooza huenda ukachezeka mara moja tu. Anayeusikiliza mara hiyo ndiye anayeamua kitakachosikiwa na wote watakaomfuata.