Kupanda Mlima Meru: Maumivu ya Kichwa Yasifichwe

Wakati wa likizo wapo vijana wetu wa Arusha wanaochangishana fedha na kwenda kupanda Mlima Meru. Ni jambo jema, kwani mazoezi ni afya. Nyumbani wazazi huuliza kuhusu koti na chakula. Swali lililo muhimu zaidi husahaulika: mwenzenu akiumwa kichwa huko juu, mtafanya nini?

Mlima Meru una kimo cha zaidi ya mita 4,560. Safari huanzia lango la Momella, katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, kwenye mita zipatazo 1,500. Mnaongozana na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati na tembo. Usiku wa kwanza hulalwa katika vibanda vya Miriakamba, mita kama 2,500, na wa pili katika vibanda vya Saddle, mita kama 3,570. Kutoka hapo watu huamka usiku wa manane kuelekea kileleni.

Hatari imo katika hesabu hiyo. Wataalamu hushauri kuwa mtu akishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500. Kutoka Miriakamba hadi Saddle ni zaidi ya mita 1,000 kwa siku moja.

Kadiri tunavyopanda, mgandamizo wa hewa hupungua. Kileleni mwa Meru, pumzi moja huingiza oksijeni isiyofika theluthi mbili ya ile ya Tanga au Dar es Salaam. Mwili huhitaji siku kadhaa kuzoea hali hiyo. Mji wa Arusha uko mita 1,400 hivi tu, kwa hiyo kuzaliwa hapo hakumkingi mtu. Ujana na nguvu navyo havimkingi. Mwenye nguvu hupanda haraka, na haraka ndiyo inayoumiza.

Dalili za mwanzo ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu na kukosa usingizi. Anayeziona asipande tena. Apumzike hapo hapo, anywe maji na ameze panado. Zikiisha, anaweza kuendelea polepole. Zikizidi, au zisipopungua kwa siku moja, ateremke.

Dalili za hatari ni hizi: kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, kuhema hata akiwa amekaa, au kukohoa makohozi yenye povu au damu. Hapo maji yameingia kwenye mapafu, au ubongo umevimba. Mtu anaweza kufa kwa muda wa saa chache. Ashushwe mara moja, hata kama ni usiku, wala asiachwe peke yake. Kutoka Saddle hadi Miriakamba ni zaidi ya mita 1,000 kwenda chini, na kushuka huko ndiko dawa kubwa. Akifika chini apelekwe hospitali.

Vijana wengi huficha maumivu wasije wakachekwa, au wasiwaharibie wenzao safari iliyokwisha lipiwa. Kumbukeni kuwa njia ya kileleni hupita kwenye ukingo wa shimo la volkano, gizani. Anayeyumba hapo anaweza kuporomoka. Basi kabla ya kuondoka nyumbani kubalianeni: atakayeumwa atasema, na hakuna atakayemcheka. Kama fedha inatosha, ongezeni usiku mmoja pale Saddle. Mchana mpande Meru Ndogo, kisha mrudi kulala chini.

Wenye ugonjwa wa moyo au selimundu, na akina mama wajawazito, wasipande bila kumwona daktari. Dawa ya asetazolamaidi husaidia kuzuia ugonjwa huu, lakini iandikwe na daktari, hasa kwa mwenye mzio wa dawa za salfa.

Maji ya kunywa yachemshwe. Huko juu maji huchemka kabla hayajawa moto kama ya nyumbani, kwa hiyo yaacheni yatokote kwa dakika tatu nzima. Bebeni sabuni, na kila atokaye chooni anawe mikono. Kuhara mlimani humaliza maji ya mwili upesi.

Kuhusu udhu, pasheni maji moto kidogo kisha mfute viungo vikauke, kwani baridi ya Saddle ni kali. Asiye na njia ya kupasha maji na anahofia madhara, sheria imempa ruhusa ya kutayamamu. Safari isipangwe mwezi wa Ramadhani, kwa sababu mwili huhitaji maji mengi mlimani.

Dini yetu imetukataza kujitia katika maangamizi. Mlima hauhami, na aliyerudi salama anaweza kupanda tena mwakani.