Kamera Ikiwa Mkononi mwa Mwenye Ardhi

Katika jimbo la Rondônia, magharibi mwa Brazili, kuna msitu wa zaidi ya hekta milioni 1.8 ambao kisheria ni wa Wauru-eu-wau-wau, jamii ya wenyeji ambao wenyewe hujiita Jupaú. Serikali ilikutana nao rasmi mwaka 1981. Maradhi yaliyofuata yaliwaua wengi mno, na waliobaki hawafiki hata 200. Malisho ya ng'ombe yamekula msitu hadi mpakani mwao, na wavamizi huingia na misumeno, hukata miti, huchoma moto, kisha hudai ardhi kuwa ni yao.

Mwongozaji wa Marekani, Alex Pritz, alikuwa ameshaanza kuwapiga picha pale janga la UVIKO-19 lilipofika mwaka 2020. Bitaté, kiongozi kijana wa jumuiya yao, alifunga mipaka: hakuna mgeni kuingia, wakiwemo watu wa filamu. Kazi ingeweza kufia hapo. Lakini vijana wa Jupaú walikuwa tayari wanajua kutumia kamera na droni katika ulinzi wa msitu wao. Waliomba vifaa bora zaidi, vikatakaswa na kufikishwa kwao bila mtu kukutana na mtu, na mafunzo yakaendelea kwa mbali. Kuanzia hapo Tangãi Uru-eu-wau-wau, mmoja wao, ndiye aliyeshika kamera. Filamu yenyewe, The Territory, ilipata tuzo mbili katika tamasha la Sundance mwaka 2022: ile ya watazamaji na ile maalumu ya majaji kwa ufundi wa filamu ya hali halisi.

Kwa sisi tunaofanya kazi hii ya filamu, tuzo ya ufundi ina uzito wa pekee. Mpiga picha mgeni kwa kawaida husimama mbele ya watu, nao huanza kumweleza maisha yao. Tangãi hana haja ya kuelezwa. Yumo ndani ya doria, nyuma ya wenzake wenye pinde, na kamera yake inatembea kwa mwendo wa miguu yao. Tunaona migongo, majani yakipishwa kwa mkono, kichwa kikigeuka ghafla kwa sababu ya sauti ambayo sisi hatujui maana yake. Hofu tunayoihisi ni ya mtu anayelinda kwake, na ina sababu: Aprili 2020 Ari, mmoja wa walinzi wao, aliuawa.

Picha hizo hufanya kazi mbili, na ni vizuri kijana anayeanza azitofautishe mapema. Kwa mwendesha mashtaka, video ni ushahidi. Faili la asili lisikatwe, tarehe na mahali vijulikane, nakala zihifadhiwe sehemu zaidi ya moja. Kwa mtazamaji, picha ileile inahitaji uhariri, mpangilio na subira, kwa sababu mtu hatetei asichokijali. Anayechanganya kazi hizi huharibu zote mbili. Na kabla ya zote kuna swali la usalama: sura ya nani itaonekana, na atalala wapi usiku filamu itakapotoka?

Ujuzi huu wa wenyeji kujipiga picha wenyewe una ukoo wake nchini Brazili. Mwaka 1986 Vincent Carelli alianzisha mradi wa Vídeo nas Aldeias, yaani video vijijini. Alipiga picha sherehe ya mwali miongoni mwa jamii ya Wanambikwara, kisha akawaonyesha papo hapo. Hawakuridhika. Waliona wamevaa nguo za kizungu kupita kiasi, wakataka sherehe irudiwe jinsi inavyostahili, na hatimaye wakarudisha utoboaji wa pua na midomo ya vijana uliokuwa umeachwa kwa miaka mingi. Baadaye mradi ukageuka kuwa shule: kijana anapiga picha mchana, jioni kijiji kizima kinatazama, wazee wanasahihisha. Takumã Kuikuro wa eneo la Xingu, mmoja wa waongozaji wa filamu ya As Hiper Mulheres ya mwaka 2011, alipita katika mafunzo hayo, naye sasa anawafunza vijana wa kwao.

Naona malezi ya namna hii kuwa nusu ya kazi yenyewe. Filamu haitengenezwi na mtu mmoja; kijiji chenye mpiga picha mmoja tu hunyamaza siku akiugua au akitishwa. Kijana anayeketi na bibi yake kupanga picha, akiambiwa jina la mto na nani amezikwa kando yake, anajifunza filamu na historia ya kwao kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo nina ombi kwa mashirika na watayarishaji wanaokwenda kwa jamii za wenyeji, popote zilipo. Msiende na kamera mkaondoka nayo. Acheni vifaa, acheni fedha za betri na matengenezo, fundisheni uhariri na si kushika kamera tu, na andikeni katika mkataba kwamba picha zote ni mali ya jamii. Katika The Territory jamii ni mtayarishaji mwenza, na jina la Tangãi limeandikwa kama mpiga picha. Kiwango kimeshawekwa, msikubali kushuka chini yake.