Usiniulize siku ngapi

Simu huanza kwa salamu ndefu, kisha linakuja swali lile lile: "Mwalimu, tumepata fedha za kufundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Semina tuiweke ya siku ngapi?" Miaka mingi nimelijibu kwa upole. Leo nalijibu hadharani: sijui, na wewe huwezi kujua, maana hujaniambia mhudumu huyo akishapiga hodi na kukaribishwa atafanya nini.

Wapo wanaonijibu kwamba serikali imeshamaliza mjadala. Mpango wa Tanzania uliozinduliwa Januari 2024, unaolenga wahudumu 137,294 katika miaka mitano, umeweka mafunzo ya miezi 6. Ni kweli. Ethiopia nao waliwapa wahudumu wao wa vijijini mwaka mzima, kwa sababu mhudumu wa kule ni mwajiriwa wa serikali mwenye kituo chake, anachanja watoto na kutoa huduma za uzazi wa mpango. Kazi ndiyo iliyoleta muda. Hata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unataka urefu wa mafunzo utokane na majukumu ya mhudumu na elimu aliyokuja nayo. Ukichukua miezi ya wengine bila kazi zao, umechukua ratiba tupu.

Kinachonikera hasa ni imani iliyojificha nyuma ya swali hilo: kwamba ukiwaketisha watu ukumbini, ukawasomea, ukawapa mtihani wa awali Jumatatu na ule ule tena Ijumaa, alama zikipanda basi wamefuzu. Ripoti nyingi nilizosoma zimesimama juu ya alama hizo. Zinapima kumbukumbu ya siku nne kwa karatasi ambayo mtu ameshaiona.

Chukua kazi moja tu, kuhesabu pumzi za mtoto mwenye kikohozi. Darasani nauliza: mtoto wa miezi minane, pumzi ngapi kwa dakika ndiyo tuseme anapumua haraka? Darasa zima linaitikia, 50 au zaidi. Na wa miaka miwili? 40 au zaidi. Sahihi, wote wamepata. Kesho yake nimewapeleka zahanati, nikawapa mtoto mmoja wamhesabu kwa zamu. Mtoto analia. Mama anamnyonyesha ili anyamaze, na mtoto anayenyonya hahesabiki vizuri. Amevalishwa fulana na sweta, tumbo halionekani. Mmoja anahesabu robo dakika na kuzidisha mara nne, wakati mtoto mdogo hapumui kwa mwendo mmoja na lazima dakika iishe. Mwingine anahesabu kupanda kwa kifua, kisha na kushuka pia. Kwa mtoto huyo huyo, asubuhi hiyo hiyo, wengine walipata idadi ya kumpeleka kituoni na wengine ya kumrudisha nyumbani. Hawa ndio walioitikia kwa sauti moja jana yake. Ningewapa vyeti pale ukumbini, wangeondoka navyo vijijini, na mtoto mwenye nimonia angeambiwa akalale.

Kipimo cha haraka cha malaria nacho ni hivyo hivyo. Kila mtu anajua kujibu kwamba kuna dakika za kusubiri, kwa vipimo vingi 15 au 20. Ukiwa ndani ya nyumba ya mtu, mama ana mboga jikoni na nyumba tatu zinakungoja, unasoma mapema, mstari haujatokea, unatangaza hana malaria. Kustahimili kungoja hakufundishwi kwa projekta.

Halafu kuna mafunzo ya kushuka ngazi: wa taifa anafundisha wa mkoa, wa mkoa anafundisha wa wilaya, wa wilaya anafundisha wa kituo. Nimeona mada iliyopewa siku mbili juu ikimfikia mhudumu kwa saa mbili, imebaki maelezo, vitendo vimedondoka njiani. Na huyu wa mwisho ndiye atakayemshika mtoto.

Mfano ninaoupenda unatoka Bangladesh. Kuanzia 1980 hadi 1990 shirika la BRAC lilituma wanawake nyumba kwa nyumba kuwafundisha akina mama kutengeneza maji ya kumnywesha mtoto anayeharisha: chumvi kiasi cha kubana kwa vidole vitatu, konzi ya sukari guru, na karibu nusu lita ya maji. Mama alichanganya mwenyewe huku mwalimu akitazama. Baadaye alikuja mkaguzi kwa baadhi ya nyumba kuona mama anakumbuka nini, na malipo ya mwalimu yakafuata alichokikuta. Walifika nyumba zaidi ya milioni 12. Hata wao walijikwaa: akina mama walijua kuchanganya lakini wengi hawakutumia, na ikaonekana walimu wenyewe wakiharisha hawakuyaamini yale maji. Wakarudi kufundisha upya, safari hii wakianza na imani ya mwalimu. Sisi leo tuna pakiti za ORS na zinki ya siku 10 hadi 14, hatuna haja ya konzi na vidole. Ule ukaguzi wa mlangoni ndio tunaouhitaji, na hatuuweki kwenye bajeti.

Sasa ya kufanya. Andika kazi tano au sita, zisizidi, na kwa kila moja andika msimamizi ataona nini kwa macho yake. Mkutano wa kijiji uchague mtu anayeishi pale. Wagawe vikundi vidogo, kila mmoja ashike mtoto, utepe wa kupima mkono (chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, apelekwe leo) na saa. Dalili za hatari wazione kwa mgonjwa au kwenye video: hanyonyi wala kunywa, anatapika kila kitu, degedege, amelegea hazinduki, kifua kinabonyea ndani. Igizeni nyumba yenye baba anayekataa rufaa. Muuguzi wa zahanati afundishwe pamoja nao, maana yeye ndiye atakayewapokea wagonjwa wao na kuwasimamia. Siku chache darasani na kliniki, wiki chache kijijini, kisha warudi na makosa yao. Vifaa na malipo viwe tayari siku wanapohitimu. Mkono usiotumika unasahau. Cheti kitolewe kwa aliyehesabu pumzi sawa na mkufunzi, zaidi ya mara moja.

Kabla hujakodi ukumbi, nenda zahanati ukaulize siku ya kliniki ya watoto ni ipi na watoto wanafika saa ngapi. Ratiba ianzie hapo.